Kabla hujasema kadi ni mbovu: namna ya kupata draiva salama za mtandao bila kumkaribisha mwizi dukani

Wakuu, leo tuongee kitu kinachotutesa sana sisi tunaouza kompyuta mtandaoni na kutuma mizigo kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba, Kamachumu, Nshamba na mpaka visiwani Bumbire. Mteja anapokea desktopu yake, anaichomeka, inawaka vizuri kabisa. Nusu saa baadaye ujumbe unaingia: "Hii mashine haishiki intaneti. Naomba hela yangu."

Mara nyingi mashine haina shida yoyote. Kinachokosekana ni draiva ya kadi ya mtandao. Lakini mteja hajui hilo, na muuzaji akijibu kwa kubabaisha, mzigo unarudi Bukoba. Hapo umelipa nauli ya mzigo mara mbili, na jina lako limeshapigwa doa kwenye magrupu ya Muleba.

Kuna kibaya zaidi ya mzigo kurudi. Mteja anaamua kutafuta draiva mwenyewe, anaingia mahali pasipo salama, na anajipakulia mwizi kwa mkono wake. Kwa hiyo hata kama wewe huuzi kompyuta, unauza vanila, kahawa, senene au nguo za mtumba, soma mpaka mwisho. Kompyuta yenye WhatsApp ya biashara yako ni duka, na draiva ni mlango wa duka hilo.

DRAIVA NI NINI HASA?

Jina limetoka kule kule kwenye dereva wa gari. Haisi inaweza kuwa nzima, ina mafuta na matairi mapya, lakini bila mtu anayejua kuiendesha haitoki stendi. Kadi ya mtandao nayo ni hivyo hivyo. Windows inaiona, ila bila draiva haijui namna ya kuitumia.

Sasa elewa hili, ndo kiini cha mada. Programu ya kawaida, kama ya kuchezea muziki, inakaa sebuleni. Draiva inaingia mpaka chumbani. Inafanya kazi ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, mahali ambapo programu nyingine haziruhusiwi kufika. Tena ukiiweka, Windows inakuuliza kama unairuhusu ibadilishe mashine yako, na wewe unabonyeza "Yes". Umempa mgeni ufunguo. Ndo maana wezi wanapenda sana kujificha kwenye jina la draiva.

HATUA YA 1: HAKIKISHA TATIZO NI DRAIVA KWELI

Huku kwetu Kagera kuna kitu cha kuangalia kabla ya yote: radi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na radi inapenda kupita kwenye waya wa intaneti unaotoka nje. Inaua tundu la LAN wakati kompyuta yenyewe inaendelea kuwaka kama kawaida.

Chomeka kebo, kisha tazama taa ndogo kwenye tundu. Halafu fungua "Device Manager": bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows utaiona. Hapo majibu ni matatu:

Kadi ipo kwa jina lake na haina alama yoyote. Draiva ipo, tafuta tatizo kwenye kebo, rauta au bando.

Kuna alama ya njano, au kuna "Ethernet Controller" au "Network Controller" chini ya "Other devices". Hapo ndo draiva inakosekana. Endelea kusoma.

Kadi haionekani kabisa na taa haiwaki hata ukibadilisha kebo. Inawezekana imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS, au imeungua. Usihangaike na draiva, kadi iliyoungua haifufuliwi na programu.

Kingine: ukiona intaneti ipo ila kadi ya 1 Gbps inasoma 100 Mbps, usikimbilie draiva. Kasi ya 1 Gbps inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Jozi moja ikikatika au kichwa kikibanwa vibaya, mashine inashuka mpaka 100. Badilisha kebo kwanza, weka ya Cat5e au Cat6.

HATUA YA 2: ISOME KADI, USIIKISIE

Kosa kubwa ninaloliona kwa wateja ni kuandika kwenye Google "wifi driver download" basi. Hiyo ni sawa na kwenda duka la dawa ukasema "nipe dawa ya kuumwa". Kila kadi ina namba yake, na namba hiyo inasomeka hata kama draiva haipo.

Kwenye Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa chenye alama ya njano, chagua "Properties", nenda "Details", halafu kwenye kile kisanduku chagua "Hardware Ids". Utaona mstari kama huu: PCI\VEN_10EC&DEV_8168.

Zile herufi nne baada ya VEN ndo kiwanda. Hizi utakutana nazo sana:

10EC ni Realtek
8086 ni Intel
14E4 ni Broadcom
168C ni Qualcomm Atheros
14C3 ni MediaTek

Zile nne baada ya DEV ndo aina ya kadi. Kwa mfano, Realtek yenye 8168 ni kadi ya 1 Gbps iliyojaa kwenye desktopu nyingi za ofisini. Yenye 8125 ni ya 2.5 Gbps. Adapta ndogo za Wi-Fi za kuchomeka USB huandika VID badala ya VEN, na hapo 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink.

Namba hii ndo kitambulisho cha kadi. Hata boksi liwe limeandikwa jina gani la kuvutia, namba inakuambia kilichomo ndani. Mwambie mteja aipige picha akutumie, mtamaliza kazi kwa dakika tano bila kubishana.

HATUA YA 3: PA KUITOA DRAIVA

Mimi nafuata mpangilio huu, na siurukii.

Kwanza, Windows yenyewe. Ukiwa na intaneti kwa njia yoyote ile, ingia "Windows Update", kisha "Advanced options", halafu "Optional updates". Mara nyingi draiva inakusubiri hapo hapo. Hii ndo njia salama kuliko zote kwa mtu wa kawaida.

Pili, tovuti ya aliyetengeneza kompyuta. Desktopu nyingi tunazouza ni HP, Dell na Lenovo zilizotumika nje. Dell ina kibandiko cha Service Tag chenye herufi na namba saba. HP na Lenovo zina namba ya utambulisho wa mashine (serial number) nyuma au pembeni. Ukiiingiza kwenye support.hp.com, dell.com/support au pcsupport.lenovo.com, inakuletea draiva za mashine hiyo hiyo. Andika anwani mwenyewe juu kwenye kivinjari, usipitie matangazo.

Tatu, kiwanda cha kadi. Kama kadi ilinunuliwa peke yake, nenda intel.com au realtek.com, kutokana na ile namba uliyosoma.

Nne, ghala la Microsoft: catalog.update.microsoft.com. Hapa unabandika ile namba ya VEN na DEV kwenye sehemu ya kutafuta, na draiva zinakuja. Faili linakuwa la aina ya .cab. Lifungue, nakili vilivyomo kwenye folda moja, kisha Device Manager, "Update driver", "Browse my computer", uionyeshe hiyo folda. Ni njia nzuri sana kwa adapta zisizo na jina ambazo hata kiwanda hakijulikani.

Tovuti nyingine yoyote inayojiita ya draiva zote duniani, ipite. Hata kama baadhi hazina nia mbaya, huna sababu ya kununua maziwa kwa mtu usiyemjua wakati ng'ombe wa jirani unamuona.

"SASA NITAPAKUAJE INTANETI BILA INTANETI?"

Swali la haki kabisa. Jibu lipo mfukoni mwako. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa data, kisha kwenye mipangilio ya simu washa "USB tethering". Windows 10 na 11 kwa kawaida huitambua simu bila kuhitaji draiva nyingine, na kompyuta inapata intaneti kupitia simu.

Angalizo la bando: kompyuta ikishaona intaneti inaanza kushusha masasisho makubwa. Haraka sana ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, washa "Metered connection". Ndipo ushushe draiva yako peke yake. Ukisahau hili, bando la siku linaisha kabla hujafungua hata ukurasa mmoja.

Njia nyingine ni kushusha kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini na kuhamisha kwa flashi. Ila flashi za stendi zinazopita kila mashine zina magonjwa yake, basi tumia yako na uipime na Windows Security kabla ya kufungua kitu.

Na kuhusu kile kisidii kidogo kinachokuja na adapta za Wi-Fi: kompyuta nyingi siku hizi hazina hata pa kukiweka. Adapta nyingine za USB zina draiva ndani yake, ukizichomeka zinajitokeza kama CD. Draiva hizo zinaweza kuwa za zamani, kwa hiyo mimi bado nasoma namba na kwenda kwenye chanzo.

YALIYOMPATA DADA MMOJA WA MULEBA

Huyu siyo mteja wangu wa kompyuta, aliinunua kwingine. Anauza kahawa, vanila na senene wa kukaanga, wateja wake wengi wapo Mwanza na Dar. Akanunua adapta ya Wi-Fi, haikushika. Akatafuta mtandaoni, akabofya matokeo ya kwanza kabisa juu, ambayo kumbe yalikuwa tangazo la kulipia. Ukurasa ulikuwa mzuri, una kitufe kikubwa cha kijani. Programu ikapima mashine, ikamwambia draiva zake kadhaa zimepitwa na wakati, abonyeze kurekebisha. Ikamwambia pia azime kinga ya virusi kwanza, akazima.

Wi-Fi ikashika. Hapo ndo penye ujanja: ilifanya kazi, kwa hiyo hakushtuka.

Siku chache baadaye mteja wa Mwanza akampigia kuuliza mzigo wake. Mzigo gani? Akaunti yake ya biashara ilikuwa inajibu wateja bila yeye kujua, inawapa namba nyingine ya kulipia, inawaambia ile ya zamani ina shida ya mtandao. Watu watatu walikuwa wameshatuma hela.

Aliponiletea mashine alisema, "Kaka, hawajavunja mlango, hawajagusa simu yangu. Wameingilia wapi?" Waliingilia kwenye draiva. Programu za aina hii zinaiba kumbukumbu za kivinjari, yaani zile zinazofanya usiulizwe nywila kila ukifungua akaunti. Mwizi akizipata, anaingia kama wewe, wala hahitaji nywila.

Dada aliwatumia wale watatu mizigo yao kwa gharama yake mwenyewe. Alisema hela itarudi, jina likienda haliji tena. Wawili kati yao bado ni wateja wake mpaka leo. Lakini senene wa msimu mzima aliuza bila faida.

Na si yeye peke yake. Mwezi Mei 2025 Microsoft ilitangaza kuwa programu moja tu ya wizi wa namna hii, inayoitwa Lumma, ilikutwa kwenye kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani ndani ya miezi miwili.

DALILI ZA DRAIVA YA WIZI

Ukiona mojawapo ya hizi, funga ukurasa:

Inakuambia uzime kinga ya virusi kwanza.

Inakuambia uzime ukaguzi wa saini za draiva kwenye Windows.

Imefungwa kwenye faili lenye nywila, na nywila imeandikwa pembeni. Hiyo ni mbinu ya kuzuia kinga isione kilichomo ndani.

Inataka kadi ya benki au malipo ya simu. Draiva za HP, Dell, Lenovo, Intel na Realtek ni bure.

Inapima mashine na kukutisha kwa orodha ndefu nyekundu.

Juu ya kiungo kuna neno "Sponsored", na anwani inafanana na ya kiwanda ila imeongezwa maneno.

ANGALIA SAINI, ILA USIISHIE HAPO

Faili likishashuka, usilifungue. Bofya kulia, "Properties", tafuta "Digital Signatures". Inatakiwa uone jina la kiwanda unachokijua au Microsoft. Kama sehemu hiyo haipo kabisa kwenye faili la kusanikisha, acha. Tangu 2016 Windows 10 ilianza kudai draiva mpya zipitie Microsoft kusainiwa, kwa hiyo draiva ya kadi ya kisasa isiyo na saini ni ya kutilia shaka.

Hata hivyo saini nayo iliwahi kuibwa. Mwaka 2010 dunia iligundua kirusi cha Stuxnet kilichoshambulia mitambo ya nyuklia ya Iran. Mafaili yake yalijifanya draiva, na yalikuwa na saini halali zilizoibwa kutoka Realtek na JMicron, kampuni mbili za Taiwan. Ndo maana nasema chanzo kwanza, saini baadaye. Ukitaka uhakika wa tatu, pandisha faili kwenye virustotal.com, inalipima kwa kinga nyingi kwa pamoja. Ila usipandishe huko mikataba wala vitambulisho vya wateja, kwa sababu unachopandisha kinaweza kuonwa na wengine.

KWA WAUZAJI: FANYA HIVI KABLA YA KUFUNGA BOKSI

Kabla hujapiga Windows upya kwenye mashine inayofanya kazi vizuri, hifadhi draiva zake. Tengeneza folda kwenye flashi, tuseme D:\draiva. Fungua "Command Prompt" kwa kuchagua "Run as administrator", andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Draiva za ziada zilizomo kwenye mashine zinanakiliwa humo. Ukishapiga Windows, unazirudisha hivi:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Huhitaji intaneti wala kutafuta kitu. Fanya hivi tu kwa mashine ambayo una uhakika ni safi, la sivyo unahamisha ugonjwa.

Halafu weka folda hiyo kwenye diski ya mashine, andika kwenye karatasi namba ya kadi na pa kupata draiva, ubandike ndani ya boksi. Piga picha ya Device Manager isiyo na alama ya njano, mtumie mteja kabla basi halijaondoka. Mteja wa Izigo au Rubya akisema haishiki, unayo pa kuanzia.

Na ukitangaza mashine, sema ina Windows gani. Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wake 14 Oktoba 2025. Mteja ana haki ya kujua.

USIUZE KASI ISIYOKUWEPO

Adapta ikiandikwa AC1200, haimaanishi mteja atapata 1200. Ni jumla ya mawimbi mawili, 867 na 300, na kwa wakati mmoja kompyuta inatumia moja. Kadi ya 2.5 Gbps nayo haiongezi kasi ya kifurushi. Mtu analipia intaneti ya 20 Mbps, kadi yoyote ya miaka hii inatosha. Kadi kubwa inamsaidia anayehamisha mafaili mazito kati ya mashine na mashine ndani ya ofisi, kama wapiga picha na wachapaji. Mwambie hivyo. Utakosa faida ya kadi moja, ila atarudi kununua printa.

KAMA UMESHAWEKA DRAIVA USIYOIAMINI

Toa kompyuta kwenye mtandao. Chukua simu yako, siyo hiyo kompyuta, fanya haya kwa mpangilio huu: fungua WhatsApp, "Linked devices", toa vyote usivyovitambua na hiyo kompyuta pia. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha za kurasa za biashara, na kila moja uchague kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Watangazie wateja namba yako moja tu ya malipo. Mashine yenyewe ihifadhi nyaraka zake, ipigwe Windows upya kutoka kwenye faili la Microsoft, na draiva zitoke kwenye vyanzo nilivyotaja juu.

Hizo hatua zinachukua jioni moja. Kurudisha imani ya wateja kunachukua msimu.

Hifadhi posti hii, na mtumie fundi wako na yule mwenzako aliyenunua desktopu juzi. Ukiwa na kadi iliyokushinda, niandikie ile namba ya VEN na DEV tu, tutaitafutia dereva wake.